Ukubwa wa Mwavuli kwa Mrukaji wa Mara Chache

Anayekaa Kipawa hashtuki ndege ikipita juu ya paa lake. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko jirani, na makao ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, yako hapo Banana, mwendo mfupi wa bajaji. Kwa sababu hiyo hiyo, Kipawa ni mahali pa mwisho pa kufikiria kuruka kwa mwavuli: anga la juu yetu ni njia ya ndege zinazoshuka na kupaa, na mtu anayening'inia chini ya kitambaa hana pa kupita humo. Hata hivyo vijana wa huku, waliokulia chini ya mngurumo wa injini, ndio wanaoniuliza maswali mengi kuhusu miavuli. Swali linalojirudia ni hili: nimemaliza mafunzo, nataka mwavuli wangu mwenyewe, nichukue upi?

Mafunzo yenyewe hufanyika mbali na hapa. Aliye Dar es Salaam asiyetaka kupanda ndege kwenda ng'ambo hupanda basi hadi Tanga, akavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, akashukia Ukunda. Pale Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, Skydive Diani hufundisha kwa mtindo wa siku hizi: mwanafunzi anaruka na mwavuli wake mgongoni tangu mruko wa kwanza, wakufunzi wakiwa wamemshika ubavuni hadi anapoufungua, na kadiri anavyoiva wanamwachia aruke peke yake. Wenye ndugu Uarabuni huanzia Dubai, kwenye viwanja vya Skydive Dubai. Popote watakapoanzia, leseni ya kwanza inayotambulika zaidi duniani, ile ya daraja A ya chama cha Marekani kiitwacho USPA, inadai miruko 25.

Miruko 25 ni kidogo sana. Ni kama dakika 25 za kuanguka bure na, pengine, saa mbili za kuendesha mwavuli. Baada ya saa hizo mbili mtu anaambiwa yuko huru kununua chombo kitakachombeba kutoka mawinguni hadi ardhini.

Mwavuli wa mrukaji wa leo ni bawa, tofauti na ule wa duara unaoshusha askari au mizigo. Domina Jalbert, mtengeneza tiara wa Florida, aliliombea hataza mwaka 1964: kitambaa cha tabaka mbili kilichogawanywa vyumba, vyumba viko wazi upande wa mbele, hewa inaingia na kukijaza mpaka kinakuwa na umbo la bawa la ndege. Mwavuli wa duara unashuka tu, lakini bawa linakwenda mbele. Likiwa limebeba mtu kwa wastani, linakwenda kilomita 35 hadi 40 kwa saa, na mrukaji hulipunguza mwendo dakika ya mwisho kwa kuvuta vishikio vyote viwili vya breki kwa pamoja. Akivuta kwa wakati wake, anatua kwa hatua mbili tatu. Akivuta mapema mno, bawa linasimama hewani kisha linamwangusha. Akichelewa, anaikuta ardhi kwa mwendo wa pikipiki.

Kinachoamua mwendo huo ni uzito uliogawanywa kwa eneo la kitambaa. Watengenezaji wengi bado wanahesabu kwa ratili na futi za mraba, kwa hiyo hata sisi wa kilo na mita tunalazimika kuwafuata. Chukua uzito wako ukiwa umevaa kila kitu: viatu, kofia, suti, begi lenye miavuli yote miwili, mkuu na wa akiba. Mzigo huo peke yake hufika kilo 10 hadi 13, na wengi husahau kuuhesabu. Kijana wa kilo 75 anapanda ndege akiwa na kilo 86, sawa na ratili 190 hivi. Chini ya mwavuli wa futi za mraba 190 kila futi inabeba ratili moja. Wakufunzi huandika 1.0, na hapo ndipo USPA inapomshauri mwenye leseni A aishie. Kijana huyo huyo akichukua mwavuli wa 135 kwa kuwa ameuona kwa rafiki yake, amefika 1.4. Kasi yake inapanda kwa asilimia 18, jambo ambalo halitishi likisemwa hivyo. Lakini nguvu ya kugonga ardhi hufuata mraba wa kasi, nayo imepanda kwa asilimia 40. Kifundo cha mguu kinahesabu kwa kipimo hicho cha pili.

Mpaka hapa nimesema yale ambayo mkufunzi yeyote atakuambia. Ninapotofautiana na majedwali ya ukubwa wa miavuli ni hapa: yameandikwa kwa kumfikiria mtu anayeruka kila mwisho wa wiki. Yanauliza umeruka mara ngapi maishani. Mrukaji wa Afrika Mashariki, hasa wa upande wetu, anapaswa kuulizwa kwanza ameruka lini mara ya mwisho.

Linganisha watu wawili wenye miruko 40 kila mmoja. Wa kwanza aliifanya ndani ya miezi miwili Dubai, asubuhi mruko, mchana mruko, mikono yake bado inakumbuka breki zinavutwa kwa kina gani. Wa pili aliifanya ndani ya miaka mitatu, safari moja ya Diani akipata likizo, safari nyingine akipata fedha, katikati miezi minane ya kukaa ofisini Posta. Kitabu chake cha kumbukumbu kinaonyesha idadi ile ile. Mikono yake haifanani kabisa na ya mwenzake. Kila safari, mruko wake wa kwanza ni wa mtu anayejikumbusha, na mwavuli unapaswa kununuliwa kwa ajili ya mruko huo. Ule wa nane wa safari, alipokwisha kupata joto, unaweza kusubiri. Waholanzi waliliona hili. Kanuni zao za ukubwa wa mwavuli zinaangalia jumla ya miruko pamoja na miruko ya miezi 12 iliyopita, na aliyepunguza kuruka anarudishwa kwenye daraja la chini. Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo, basi kila mtu ajiwekee mwenyewe.

Kwa mrukaji wa mara chache, ushauri wangu ni kushuka chini ya 1.0, hata 0.9 au 0.85. Kijana wetu wa kilo 75 achukue 210, asione haya. Mtu wa kilo 90, ambaye akivaa anafika ratili 225, atafute 240 au zaidi. Miavuli mikubwa hivyo inaitwa ya wanafunzi kwenye viwanja vya Ulaya na haina soko kubwa, jambo ambalo kwa mnunuzi wa mtumba ni neema.

Wenye miili midogo wana tatizo la upande wa pili. Dada wa kilo 50 akivaa anafika ratili 134, hesabu inamwelekeza kwenye 135, na muuzaji atamwambia kwa furaha kwamba yuko 1.0 kama wengine. Hesabu ni sahihi, ushauri ni mbaya. Mwavuli mdogo una kamba fupi, hivyo ukivuta kishikio kimoja unageuka na kuzama upesi kuliko mwavuli mkubwa uliobeba uzito kwa uwiano huo huo. Achukue 160 au 170, akubali kwamba siku za upepo mkali atabaki chini akiwatazama wengine.

Hapa ndipo hoja ya upepo inapoingia, na pwani ndiyo hoja ninayoisikia zaidi. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kuna mchana inavuma kweli kweli. Mwenye mwavuli mkubwa akiielekea anajikuta amesimama hewani, au anarudishwa nyuma. Basi, mtu husema, si afadhali mwavuli mdogo unaopasua upepo? Fikiria anachoomba: chombo chenye kasi zaidi ili aruke siku ambayo hakupaswa kuruka. Mwanafunzi wa USPA haruhusiwi kuruka upepo wa ardhini ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kilomita 22 na ushei. Mrukaji mpya mwenye leseni ameruhusiwa kuamua mwenyewe, lakini ningekuwa yeye ningebaki na kikomo hicho mwaka mzima wa kwanza. Upepo wa bahari una tabia nyingine pia: ukivuka minazi au paa la hoteli unavunjika, na upande wa pili kuna mawimbi ya hewa yanayokunja bawa mita 10 juu ya mchanga. Udogo wa mwavuli hauyaondoi.

Ajali nyingi za warukaji wenye mwavuli mzima, uliofunguka vizuri, hutokea kwa njia moja. Mtu yuko chini, mita 30 hivi, anagundua anaelekea kwenye waya, ukuta, au mnazi, au ameona tu kwamba upepo uko mgongoni mwake. Anavuta kishikio kimoja kwa nguvu. Bawa linalala upande, mwili unarushwa nje ya duara, bawa linazama, na kimo cha kulirudisha hakipo. Mwavuli mkubwa nao huzama ukifanyiwa hivyo, ila unazama polepole na kunyanyuka mapema, na tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo mguu uliovunjika badala ya mazishi. Mkufunzi mzuri atakufundisha kugeuka kwa breki nusu, bawa likibaki bapa, na atakuambia kutua upepo ukiwa nyuma bawa likiwa sawa ni bora kuliko kutua katikati ya kona. Ila mafundisho hayo yanahitaji mazoezi ya mara kwa mara, na tumekwisha kuona mtu wetu anayapata mara ngapi.

Kuhusu umbo nitapita haraka. Tafuta mwavuli wa mstatili au uliochongwa kidogo tu kwenye ncha. Ule wa duaradufu kamili waachie watu wenye mamia ya miruko, kwa sababu kamba zikijisokota wakati wa kufunguka unaanza kuzunguka na kuzama kwa kasi. Vyumba saba au tisa? Wa tisa unateleza mbali zaidi na kuvuta breki zake ni rahisi kwa mtu mpya. Wa saba unashuka kwa mteremko mkali na hufunguka kwa utulivu. Ningechukua tisa, lakini sitagombana na mtu. Majina utakayokutana nayo sokoni ni Sabre2, Pulse na Spectre za Performance Designs, Pilot ya Aerodyne, na Safire. Zote hizo zimewabeba watu wapya wengi zikiwa na ukubwa unaofaa. Ukimwona muuzaji anakupa Stiletto, Katana au Velocity kwa bei ya kutupa, mshukuru uende zako. Na usidhani 190 ya kampuni moja ni 190 ya nyingine. Hawapimi eneo kwa njia moja, na mwavuli wa jina fulani unaweza kuwa mkubwa au mdogo kuliko unavyojieleza.

Kitambaa kina uzito wake katika uamuzi. Kile cha zamani, F-111, hupitisha hewa kidogo kikiwa kipya na hupitisha nyingi baada ya mamia ya miruko, mpaka breki ya mwisho inakosa nguvu. Kilichokuja baadaye hakipitishi hewa kabisa, kinaishi muda mrefu, na ndicho unachokitaka. Ubaya wake ni kwamba kikiwa kipya kinateleza kama kambare. Nimewaona watu wazima wakikivalia njuga sakafuni dakika 40, jasho likiwatoka, hewa ikirudi ndani kila wanapokigandamiza. Mtumba ulioruka mara 200 umeshalainika na unakunjika. Hii ni sababu nyingine ya kutonunua mpya, mbali na bei, ambayo kwa mwavuli mkuu peke yake inapita dola 2,000 kabla hujafikiria begi, akiba, usafirishaji na forodha.

Mtumba basi. Mwavuli wa mtumba unaharibikia mahali usipopatazama. Kamba nyingi za kisasa nyembamba, zile za Spectra, hufupika kwa joto la msuguano kila mara kile kitambaa cha mraba kinachopunguza kasi ya kufunguka kinapoteremka juu yake. Hazifupiki sawa: za pembeni, zinazopita kwenye pete zake, huungua zaidi, na za breki huzidi zote. Mwavuli wenye kamba hizo unaanza kufunguka kwa kishindo, au unaruka muda wote kana kwamba breki zimevutwa kidogo. Kitambaa kinaweza kuwa kama kipya huku kamba zimekwisha. Muulize muuzaji kamba zimeruka mara ngapi, maana swali la mwavuli umeruka mara ngapi halitakupa jibu hilo, na kama zinakaribia mwisho toa gharama ya kamba mpya kwenye bei.

Kisha jua na bahari. Nailoni huoza kwa mwanga wa jua bila kutoa taarifa, na mwavuli uliokuwa unaachwa umetandazwa ufukweni kutwa umezeeka kuliko tarehe iliyo kwenye lebo yake. Uliotumbukia baharini na kukauka hivyo hivyo una chembe za chumvi ndani ya nyuzi za kamba, zikikata polepole. Ungesuuzwa kwa maji baridi mengi siku ile ile, ungepona. Mchanga nao hula kitambaa na pete. Kwa hiyo mwavuli kutoka uwanja wa nyasi wa Ulaya unaweza kuwa bora kuliko wa umri ule ule uliofanya kazi pwani yetu, ingawa huu wa karibu unaweza kuushika kwa mkono kabla ya kulipa. Vyovyote iwavyo, mpelekee fundi wa miavuli mwenye cheti aukague fedha ikiwa bado mfukoni mwako. Fundi huyo huenda yuko kwenye uwanja unakoruka na si Dar, na safari ya kumfikia ni sehemu ya bei.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata waangalifu, nao ni begi. Begi hushonwa kwa kipimo: la mwavuli wa 190 linapokea 190 na pengine hatua moja chini au juu yake. Mtu mpya hujiambia, mwakani nitakuwa nimeshuka 150, basi ninunue begi la 150 moja kwa moja nisinunue mara mbili. Sasa ana begi lisiloingia mwavuli anaouhitaji, na kinachomsukuma kushuka ukubwa ni begi, wakati ujuzi wake uko pale pale. Tena begi dogo linachukua akiba ndogo. Mwavuli wa akiba ndio utakaotua nao siku mambo yameharibika, labda umezimia, labda juu ya mapaa ya Ukunda, na watu huchagua ukubwa wake kwa kuangalia nafasi iliyobaki begini! Anza na akiba. Soma uzito wa juu ulioandikwa kwenye lebo yake, chukua inayokubeba kwa uwiano ule ule wa mwavuli mkuu, ndipo utafute begi la kubeba miavuli yote miwili. Akiba inafunguliwa, inakaguliwa na kukunjwa upya na fundi kwa ratiba. Marekani ni kila siku 180. Kwa unyevu wa pwani sioni sababu ya kutafuta ratiba ndefu zaidi.

Mwenye fedha kidogo ataniuliza kama anaweza kupunguza gharama kwa kuacha kile kifaa kinachofyatua akiba chenyewe. CYPRES, kilichobuniwa Ujerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1991, hufyatua akiba ukiwa bado unaanguka kwa kasi karibu mita 225 kutoka ardhini, na kimeokoa watu wengi. Usikiache. Ila ujue mpaka wake: kinaangalia anayeanguka bila mwavuli. Anayegeuka chini chini akiwa na bawa zima kichwani hakitamsaidia lolote. Na kifaa hiki kina tarehe ya kustaafu, iangalie kabla ya kununua begi ambalo tayari limewekewa.

Wachache watauliza kuhusu bara. Diani iko mita chache juu ya bahari, na hewa yake ni nzito. Ukialikwa kuruka juu ya uwanja kama wa Arusha, karibu mita 1,390, hewa ni nyepesi na mwavuli wako ule ule unakwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi, siku ya joto ikizidi. Juu ya Nairobi ni asilimia 8 au zaidi. Hutaisikia hewani. Utaisikia miguuni, kwa sababu breki ulizozoea kuzivuta Diani zitakukuta ardhi imeshafika. Aliyenunua 210 ana pa kupunguzia. Aliyenunua 150 amepanda daraja bila kuombwa.

Mwavuli ukishafika, umekaguliwa na kukunjwa, mruko wake wa kwanza usiwe wa kucheza na wenzako. Mwambie mkufunzi na rubani kwamba utafungua juu, futi 5,000 hivi, ruka wa mwisho ili pasiwe na mtu juu yako, na ukishafungua achia vishikio uone kama unakwenda moja kwa moja. Mwavuli ukijivuta upande mmoja wenyewe, rudi kwa fundi. Kisha vuta breki polepole hadi usimame, uone vishikio viko wapi mwilini mwako wakati huo, kifuani au kiunoni, uviachie taratibu. Rudia mara tano. Geuka bapa kulia, geuka bapa kushoto. Zoezi la kutua lifanye hewani mara tatu kabla hujafika futi 2,000, na chini ya hapo acha majaribio, fuata njia yako ya kutua. Upepo wa siku hiyo ukipita kilomita 22 kwa saa, mwavuli ubaki begini mpaka kesho.